Moyo umeomba kupumzishwa, sisi tunapiga kelele "Pambana!"

Kabla hujaendelea kusoma, fanya hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Umepata pigo? Sasa vuta pumzi polepole hadi kifua kijae, halafu iachilie polepole zaidi. Rudia mara tatu bila haraka.

Ukiwa makini utaskia kitu. Ukivuta pumzi, mapigo yanakaribiana. Ukiiachilia, yanaachana kidogo. Usishtuke, na usikimbie kugugo "dalili za ugonjwa wa moyo" saa hii. Hujaharibika. Moyo wa kijana mwenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Nitarudi hapo, lakini kwanza nikupeleke nyumbani.

Nyumbani ni Kisegi. Kama hupajui, usijali. Nikiwa Nairobi nikitaja Kisegi, watu huniuliza kama ni Migori ama Homa Bay, na mimi huwajibu "huko huko, upande wa ziwa". Kila Disemba vijana wa mitaa ya Nairobi na Kisumu wakirudi ushago, kuna mashindano ya mpira. Uwanja ni wa vumbi, milingoti haina neti, mshindi anapewa ng'ombe dume. Hiyo ng'ombe, msee, watu wanaipigania kuliko Kombe la Dunia.

Binamu yangu ndiye straika wetu. Sitamtaja jina, anajijua. Mchana ni straika, usiku ni mvuvi wa omena. Kama hujakaa karibu na ziwa, omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, wavu unashuka. Unaingia ziwani jioni, unarudi alfajiri, unashusha mzigo, unamalizana na akina mama wanunuzi, unalala saa mbili au tatu kwenye joto la mabati. Halafu saa kumi jioni filimbi inalia.

Siku ya nusu fainali alikuwa ametoka ziwani hivyo hivyo. Asubuhi alisema anahisi baridi. Tulimcheka: baridi gani Disemba? Kipindi cha pili akaanza kutembea uwanjani. Nilikuwa kando ya mstari, simu mkononi, narekodi video. Na mimi, niliye karibu naye kuliko wote pale, ndiye niliyepiga kelele zaidi: "Pambana, omera! Usituangushe!" Dakika chache baadaye akaanguka bila kuguswa na mtu.

Tulimbeba kwa nduthi, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Tulipofika hospitalini, mhudumu alimshika mkono, akaangalia saa, akatuuliza swali moja ambalo halijaniacha mpaka leo: "Akiwa amepumzika, mapigo yake huwa mangapi kwa dakika?"

Tulikuwa watu sita pale. Kocha, mimi, wachezaji wanne. Tulijua amefunga mabao mangapi. Tulijua saizi ya viatu vyake. Tulijua timu gani ya Kisumu ilitaka kumwangalia Januari. Hakuna hata mmoja aliyejua mapigo yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kuyahesabu.

Ilikuwa malaria, pamoja na mwili uliokauka maji, juu ya usiku usio na usingizi. Alipona. Lakini Januari ilimpata bado hana nguvu ya kukimbia, na ile nafasi ya Kisumu ikaenda kwa mwingine. Mimi bado nina ile video. Ukiitazama, unaona vizuri kabisa mtu anayeomba kutolewa uwanjani. Unaskia pia sauti yangu.

Sasa turudi kwa vidole vyako.

Mimi si daktari. Nilisomea mambo ya afya mwaka mmoja na nusu, karo ikaisha, nikatoka. Lakini kuna somo moja nililolibeba nikiondoka, nalo ni hili la mapigo. Moyo wako una mabosi wawili. Mmoja anakanyaga mafuta: hofu, mbio, hasira, homa. Mwingine anashika breki: usingizi, utulivu, chakula kinaposagwa. Breki hiyo inapita kwenye neva ndefu inayoitwa vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kila ukivuta pumzi breki inalegea kidogo. Ukiiachilia, inakaza tena. Ndiyo maana mapigo yako yalikuwa yanakaribiana na kuachana.

Kwa hivyo mtu akikwambia moyo wake unapiga mara 60 kwa dakika, usidhani kila pigo linakuja baada ya sekunde moja kamili. Pigo moja linaweza kuja baada ya milisekunde 950, linalofuata baada ya 1,040, la tatu baada ya 990. Tofauti hizo ndogo ndizo wanasayansi wa michezo wanazipima. Unaweza kuziita utofauti wa muda kati ya pigo na pigo. Si kitu kipya pia. Mjerumani Carl Ludwig aliandika kuhusu mapigo kufuata pumzi mwaka 1847. Mwaka 1996, wataalamu wa moyo wa Ulaya na Marekani walikaa wakakubaliana jinsi ya kuupima utofauti huo: dakika tano ukiwa umetulia, au saa 24 nzima.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu akili inatuambia kwamba moyo mzuri ni ule usioyumba. Ni kinyume. Mfikirie mwendesha boda hodari kwenye barabara yetu ya mawe na mashimo. Mkono wake hautulii: anaongeza, anapunguza, anagusa breki, anaachilia. Ukimwona ameshikilia mafuta mahali pamoja kilomita nzima, jua amelala au waya umekwama. Moyo uliopumzika unacheza na breki. Moyo uliochoka, wenye homa au mawazo, unashikilia mafuta. Mapigo yanapanda, na yanaanza kufuatana kwa umbali ule ule kama askari wa gwaride.

Kwa mwanamichezo, jambo hili lina nyakati mbili.

Ya kwanza ni asubuhi, umelala, kabla hujasimama. Hapo mwili unakuambia umelipa deni la jana au bado. Wanariadha waliozoea mazoezi huwa na mapigo chini ya 60 wakiwa wamepumzika, wengine hukaribia 40. Lakini namba ya mwenzako si yako. Umri, mazoezi na damu uliyozaliwa nayo vinaleta tofauti kubwa, kwa hivyo usiingie kwenye kundi la WhatsApp kushindana nani ana namba kali. Unajilinganisha na wewe wa jana, wa juzi, wa wiki iliyopita. Kama kawaida yako ni 56 halafu unaamka na 68, kuna kitu. Huenda hukulala, ulikunywa pombe, una mawazo, au kuna homa inakuja. Kwa sisi wa kanda ya ziwa neno homa si mchezo. Joto la mwili likipanda nyuzi moja, moyo huongeza karibu mapigo 10 kwa dakika. Binamu yangu angehesabu asubuhi ile, huenda namba ingemwambia alichosema mdomo wake na sisi tukacheka.

Ya pili ni baada ya kazi. Ukikimbia kwa nguvu zote, breki inaachiliwa kabisa, na ule utofauti kati ya pigo na pigo unakaribia kuisha. Ni sawa, ndivyo mwili ulivyoundwa. Swali ni breki inarudi haraka kiasi gani ukisimama. Dakika ya kwanza inasema mengi. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1999 uliofanywa Marekani kwa watu waliopimwa moyo wakitembea kwenye mashine. Wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza baada ya mazoezi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Hawakuwa wanamichezo, kwa hivyo usiichukue 12 kama hukumu yako. Lakini chukua wazo lenyewe: moyo wenye afya unajua kukimbia na unajua kushuka.

Na hapa kuna jambo ambalo makocha wetu wa mtaani wanapaswa kulibandika ukutani. Breki hairudi yote siku hiyo hiyo. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi mwaka 2013 walionyesha kwamba baada ya mazoezi mepesi moyo hurudi kwenye hali yake ndani ya saa 24, ila baada ya mazoezi makali sana huhitaji angalau saa 48. Siku mbili! Sasa niambie: timu inayocheza robo fainali Ijumaa, nusu fainali Jumamosi na fainali Jumapili, huku nusu ya wachezaji wanalala ziwani, inacheza na mioyo ya aina gani?

Najua utaniambia nini. "Wewe umeharibiwa na Nairobi. Wazee wetu walicheza bila saa za kupima moyo." Kocha wetu ana msemo wake: mgonjwa ni yule aliyelala chini. Kwa heshima zote, Kocha, huyo aliyelala chini tumeshachelewa kumsaidia.

Tena si kweli kwamba mashujaa wa Kenya hushinda kwa kujiumiza kila siku. Mwangalie Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019 alikimbia kilomita 42 na ushee jijini Vienna kwa saa 1:59:40. Wengi tulibaki na hiyo namba moja na neno "pambana". Tulisahau yaliyo nyuma yake. Kule kambini Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, siku ngumu ni chache kwa wiki, na siku nyingi zilizobaki ni za kukimbia taratibu, mwendo ambao ukiuona unaweza kudhani ni wazee wanaenda sokoni. Wanalala mchana. Na Kipchoge anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye daftari, mwaka baada ya mwaka. Bingwa wa Olimpiki mara mbili anajipima na kujiandikia. Wewe straika wa Kisegi unaona aibu kuhesabu mapigo?

Wafini nao walilijaribu jambo hili kwa vitendo. Mwaka 2007 watafiti wa huko waliwagawa wakimbiaji wa kawaida. Kundi moja lilifuata ratiba iliyopangwa. Kundi jingine lilipima moyo kila asubuhi: utofauti ukiwa mzuri unafanya mazoezi makali, ukishuka unakwenda pole au unapumzika. Baada ya wiki nne, waliousikiliza moyo walikuwa wameongeza kasi kuliko wenzao. Kupumzika kwa wakati wake kulikuwa sehemu ya mazoezi.

"Lakini hizo saa ni za matajiri." Hapo nakubaliana nawe nusu. Tangu kampuni ya Polar ya Ufini ilipoanza kuuza kipimo cha mapigo kisicho na waya mwaka 1982, biashara hii imekua, na leo kuna saa zinazogharimu zaidi ya injini ya mtumbwi. Huzihitaji. Mkanda wa kifuani ndio unaoaminika zaidi ukiwa unakimbia, kwa sababu unasoma umeme wa moyo wenyewe, na timu nzima inaweza kuchangia mmoja. Ukiwa umetulia asubuhi, hata kamera ya simu inaweza kusoma mapigo ukiweka kidole juu yake na taa imewashwa. Kuna apu zinazopima utofauti kwa njia hiyo. Usijaribu tu ukiwa mbioni, kidole kikitikisika namba zinadanganya.

Na kama huna simu ya aina hiyo, una vidole viwili na saa yoyote yenye sekunde. Vidole havitakupa zile milisekunde, hilo niseme wazi. Lakini mapigo ya asubuhi na kushuka kwake baada ya mechi yanatoka kwa breki ile ile. Ni ndugu maskini wa kile kipimo kikubwa, na ndugu maskini bado ni ndugu.

Jambo moja nisikudanganye. Kipimo hiki hakigundui kila kitu. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, dhidi ya Colombia, akafariki. Alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene, wa kuzaliwa nao. Huo hauonekani kwa kuhesabu mapigo asubuhi. Unahitaji kipimo cha umeme wa moyo na daktari anayejua kukisoma. Italia iliweka sheria ya kupima wanamichezo wake mwaka 1982, na katika eneo la Veneto vifo vya ghafla vya vijana wanamichezo vilipungua kwa karibu asilimia 90 katika miaka iliyofuata. Kwa hivyo ukizirai ukicheza, ukiumwa kifua ukikimbia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, usibaki kuhesabu vidoleni. Nenda hospitali.

Sasa nawaambia waandaaji wa mashindano, na msinichukulie kama mtoto aliyekuja kufundisha wazee. Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, panga mechi kwa kuangalia mwezi. Mvuvi yeyote wa omena atakuambia kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, maji yote yana mwanga, na mitumbwi inabaki ufuoni kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku vijana wetu wanalala usiku kama watu wengine. Ziwa lenyewe limetupangia mapumziko, sisi tunaweka fainali usiku wa giza!

Pili, acheni siku mbili kati ya mechi na mechi kwa hatua za mwisho. Ng'ombe hatoroki.

Tatu, kila timu iwe na daftari. Kila mchezaji aandike mapigo ya asubuhi, na baada ya mazoezi mara mbili: filimbi inapolia na dakika moja baadaye. Wiki mbili zinatosha kujua kawaida ya kila mtu. Aliyepanda ghafla asubuhi ya mechi apimwe malaria kabla ya kuvaa jezi.

Nne, waiteni wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa vifaa nchi nzima, vikiwemo vya kupima joto na shinikizo la damu, na mashine ya shinikizo huonyesha mapigo pia. Hawa ni dada zetu na mama zetu, wanaishi kijijini hapo hapo. Wapeni kiti kando ya uwanja na soda. Wakisema mtu asicheze, asicheze.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Umoja, Kondele ama Mwembe Tayari, usidhani nazungumzia watu wa mbali. Wewe unayetoka zamu ya usiku unaenda jimu moja kwa moja. Wewe unayelala saa tisa kwa sababu ya kubeti mechi za Ulaya halafu Jumapili unataka kukimbia kilomita 10 upate picha. Wewe mwenye kikombe cha tatu cha kahawa kwa sababu umechoka kuchoka. Mitandao imetufundisha kwamba kupumzika ni uvivu. Kila mtu anapost jasho, hakuna anayepost usingizi. Moyo wako hauna akaunti, hauna jinsi ya kukujibu isipokuwa kwa lugha yake ya pigo na pigo.

Mimi sasa naijua namba yangu. Ni 62 nikiwa nimelala vizuri. Ile wiki niliyofukuzwa na mwenye nyumba ilifika 75 bila kukimbia hata hatua moja. Binamu yangu naye ana daftari, la kurasa 96, limechafuka kwa magamba ya omena. Yeye huandika kabla ya kushuka kitandani, siku akipata kitanda. Wiki iliyopita alinipigia simu. Akasema, "Leo nimeamka na sabini na moja, nimemwambia Kocha sichezi." Nikamuuliza Kocha amesemaje. Akacheka: "Amenuna. Halafu ameniuliza yake anapimaje."

Kwa hivyo kesho asubuhi, kabla hujagusa simu, vidole viwili, dakika moja, andika. Na Disemba ukiwa kando ya uwanja ukamwona kijana anaanza kutembea, usifanye kama mimi. Mwite kocha, mwambie amtoe.